Herufi Zinazopotea Njiani: Uchambuzi wa Hitilafu za Kuingiza Nyaraka katika Programu za Breli

Machakos, nchini Kenya, ndiyo makao ya taasisi ya umma ya ufundi kwa watu wasioona, na kwa wanafunzi wa taasisi ya namna hiyo Breli, yaani maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa ncha za vidole, ni chombo cha masomo. Kwa hiyo, swali la jinsi waraka wa kawaida unavyogeuzwa kuwa Breli ni swali la elimu kabla ya kuwa la kompyuta. Kazi hiyo hufanywa na programu za tafsiri kama vile Duxbury, ambayo huuzwa, na BrailleBlaster, ambayo hutolewa bure na hutegemea Liblouis, maktaba ya programu yenye majedwali ya kanuni za Breli ambamo Kiswahili cha Kenya kina majedwali yake. Hatua ya kwanza ni kuingiza waraka, maana yake programu kuufungua, kuzisoma herufi zake na kuutambua muundo wake, na hitilafu nyingi zinazodhaniwa kuwa za tafsiri au za printa huzaliwa katika hatua hii.

Hitilafu hizo zafaa kupangwa kwa kuangalia jinsi zinavyomfikia msomaji, kwa kuwa zipo zinazojitangaza na zipo zilizo kimya. Kundi la kwanza ni la mafaili ya PDF. Faili la PDF lililotokana na skana hujitangaza mara moja: lina picha za kurasa tu, programu haikuti herufi hata moja, na dawa yake ni kulipitisha kwanza katika programu ya kutambua herufi, kisha kulisahihisha neno kwa neno. PDF yenye maandishi halisi ni ya hatari zaidi, kwa sababu aghalabu huhifadhi mahali pa herufi kwenye ukurasa bila kueleza aya inaanzia wapi na kuishia wapi, hata safu mbili zilizo sambamba zikaweza kuchanganyika na kuzaa sentensi ambazo hakuna aliyeziandika.

Kundi la pili linatokana na usimbaji, yaani namba zinazowakilisha herufi ndani ya faili. Waraka uliohifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 ukisomwa kana kwamba ni wa Windows-1252, neno “ng’ombe” hutokea kama “ngâ€™ombe”, kwa kuwa ritifaa iliyopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu na kila baiti husomwa kama herufi kamili. Neno la Kikamba “mũndũ” nalo huwa “mÅ©ndÅ©”. Makosa haya huonekana, na tiba yake ni kuchagua usimbaji sahihi wakati wa kuingiza. Jambo gumu zaidi ni kwamba Windows-1252 haina kabisa ĩ wala ũ, hivyo waraka wa zamani unaweza kuwa uliandikwa kwa fonti maalumu iliyochora umbo la ĩ juu ya namba ya herufi nyingine. Jicho huiona ĩ, ilhali programu hupokea herufi ile nyingine. Kipimo chake ni kubadilisha fonti ya nakala ya waraka iwe fonti ya kawaida, na hapo herufi halisi hufichuka.

Kundi la tatu, ambalo ndilo la kimya zaidi, ni la muundo. Faili la docx kwa hakika ni kifurushi cha mafaili kadhaa, ambamo tanbihi hukaa katika faili lake na maneno ya kisanduku cha maandishi hukaa ndani ya mchoro, nje ya mfuatano wa aya, kwa hiyo yanaweza kuachwa bila onyo lolote. Vilevile, kichwa kilichokolezwa wino bila kupewa mtindo wa kichwa huingia kama aya ya kawaida, na jedwali lililopangwa kwa nafasi tupu husambaratika kwenye mstari wa Breli ambao kwa kawaida hauzidi seli 40. Lugha nayo ni sehemu ya muundo: jedwali la kanuni za Breli ya Kiingereza yenye vifupisho likitumika kwa Kiswahili, herufi tatu za mwanzo za “andika” hugeuka seli moja inayosimamia neno la Kiingereza.

Uchunguzi mzuri huanza na waraka mdogo wa majaribio wenye ritifaa, ĩ, tarakimu, kichwa na tanbihi. Ukiingia salama, mipangilio ni mizima na kosa limo katika waraka wenyewe, ambao hugawanywa nusu kwa nusu mpaka sehemu yenye kasoro ipatikane. Marekebisho hufanywa katika waraka wa asili, kwa sababu kosa lililofutwa kwenye Breli pekee hurudi katika kila toleo jipya. Mwishoni, msomaji wa Breli hupitia matokeo huku mwenzake akifuatilia chapa ya kawaida, kwani aya isiyokuwapo haiwezi kuguswa.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, mkataba unaoruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kutengeneza nakala wanazoweza kuzisoma bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Ruhusa hiyo ni kubwa, lakini haisafishi faili. Mchapishaji anayetumia mitindo halisi, herufi sanifu na lugha iliyotajwa katika waraka wake, kisha akautoa waraka huo pamoja na kitabu, humpa mwanafunzi asiyeona kitabu kilekile anachosoma mwenzake, bila kupunguzwa neno.