Benchi Lililokuwa Mashua

Mashua ilikuwa imelala ubavu ufukweni Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, na wapitao wengi waliona kuni tu. Mlingoti, usukani na tanga vilikwisha kuuzwa. Mkuku ulikuwa umetobolewa na wadudu wa baharini hata ukawa kama sega la nyuki. Fundi, mzee aliyeunda vyombo tangu ujana wake, aliizunguka polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kutaja bei. Alitaka kutoa humo mabenchi matatu ya kukalia nje. Nilimwomba ruhusa ya kukaa naye nitazame. "Kaa, mwanangu," alisema, "lakini leo hutaona benchi."

Kweli sikuliona. Siku ile ya kwanza msumeno haukushikwa. Kazi yote ilikuwa kung'oa misumari. Msumari uliokaa baharini miaka mingi hushikana na mti kwa kutu, na ukiuvuta kwa pupa kichwa hukatika, mwili ukabaki ndani kungoja kuharibu meno ya msumeno. Fundi huanza kwa kuugonga kidogo kwenda ndani. Pigo hilo dogo huachanisha kutu na mti. Kisha huweka kipande cha ubao chini ya mtalimbo ili chuma kisibonyeze mbao, ndipo anauvuta, taratibu, hadi utoke mzima. Alitoa misumari hivyo asubuhi nzima na sikumsikia akilalamika hata mara moja.

Kila tundu liliacha duara jeusi. Nilidhani litaondoka kwa msasa. Akanieleza kuwa weusi ule umezama: chuma na maji hukutana na asidi zilizomo ndani ya mti, na rangi inayotokea huingia kwenye nyuzi zake. Ukitaka kuumaliza, utaumaliza ubao kwanza. Aliuacha, na leo madoa yale ndiyo pambo la pekee alilolipa benchi.

Siku ya pili ilikuwa ya kuchagua. Alishika kila ubao, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Mti mzima hulia kwa sauti kavu inayokwenda mbali. Uliooza hujibu kwa uzito, kama mlango wa chumba kilichojaa magunia. Palipomtia shaka alichoma kwa ncha ya kisu. Kisha akakwangua kingo, kwa kuwa mbao zilikuwa bado na pamba ya kalafati, ile iliyosukumiwa kwenye maungio na kulowekwa mafuta ili maji yasipenye. Mwishowe pakawa na mafungu matatu: la kukalia, la miguu na la jikoni. Hili la mwisho lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia.

Lakini utajiri wa mashua kuukuu umo katika mataruma, zile mbavu zilizopinda ambazo mbao za ubavuni hupigiliwa. Muunda vyombo hachongi pindo la taruma kutoka ubao ulionyooka. Huenda porini akatafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe, akalisawazisha kwa tezo. Sababu ni nyuzi za mti. Ukikata pindo katika ubao mnyoofu, nyuzi hukatika njiani, na hapo ndipo patakapovunjika. Tawi lililopinda tangu lilipoota lina nyuzi zinazofuata pindo toka mwanzo hadi mwisho, na linaweza kupigwa na mawimbi miaka na miaka bila kuachia.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Taruma kavu halikunjiki tena. Anayepaswa kujikunja ni fundi. Mzee yule alilaza mataruma manane mchangani, akayageuza, akayapanga mawili mawili kama mtu anayetafuta viatu vya jozi moja. Yaliyofanana pindo yakawa miguu na mgongo wa benchi kwa pamoja: sehemu ya chini inasimama, ya juu inaegemea nyuma kwa mlalo uleule uliokuwa ukikumbatia shehena. Hakuchora ramani. Umbo la benchi lilikwisha kuamuliwa na yule aliyelichagua tawi porini, na mrithi wake alilipokea.

Kazi ngumu ilikuja katika maungio. Skwea haisaidii pale ambapo hakuna upande ulionyooka. Fundi alikata kadibodi kufuata pindo la taruma, akaihamishia kwenye ubao, akachora kwa penseli, akakata nje kidogo ya mstari, kisha akala mti kwa patasi, unyoya baada ya unyoya, mpaka vipande viwili vikakutana pasipo mwanga kupita kati. Matundu aliyachimba kwa juba, ulimi wa ubao ukaingia kwa kugongwa kwa kiganja. Hakutumia msumari hata mmoja. Chumvi iliyomo ndani ya mti huo huvuta unyevu, na msumari mpya ungekuwa kutu kabla benchi halijazoeleka. Badala yake alichonga vijiti vya mti mkavu, vinene kidogo kuliko matundu, akavipigilia. Vikinyonya unyevu wa pwani vinavimba, na kiungo kinakaza zaidi.

Mbao za kukalia hazikutosha benchi la tatu. Kijana anayejifunza kwake alileta paleti mbili zilizotupwa nyuma ya duka la vigae. Mzee hakuzikataa wala hakuzikubali. Alizigeuza kutafuta muhuri. Moja ilikuwa na alama ya suke na herufi HT, maana yake mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30, ili wadudu wafe. Ya pili iliandikwa MB, yaani ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methili bromidi. Ile ya kwanza ilikwenda kwenye randa. Ya pili aliiweka kando na kumkataza kijana asiipeleke hata kwa mama yake kupikia.

Siku ya nne ilikuwa ya mambo madogo, nayo ndiyo yanayotofautisha benchi la nje na la ndani. Kikalio kilikuwa sentimita 45 kutoka ardhini, mahali goti la mtu mzima linapopumzika. Kati ya ubao na ubao aliacha nafasi ya unene wa penseli, maji ya mvua yapate njia. Kikalio kizima alikilaza kidogo kuelekea nyuma, kingo zake akazivunja kwa randa zisikate mapaja. Nyayo za miguu alizitumbukiza katika kopo la mafuta mpaka asubuhi, kwa kuwa mti hunywa maji zaidi kupitia ncha zake. Vyombo vya pwani vimelindwa tangu zamani kwa sifa, mafuta ya papa, lakini harufu yake haifai penye watu walioketi. Benchi alilipaka mafuta ya kitani, mara tatu. Chini ya kila mguu akatia jiwe bapa la kuzuia mchwa na unyevu.

Watu wa pwani tunajua thamani ya mahali pa kukaa nje. Nyumba zetu za mawe zilijengewa baraza mbele ili mgeni asisimame na jirani asipite bila salamu. Benchi la mzee huyu ni baraza inayobebeka. Liko chini ya mkungu sasa, na jioni wavuvi hukaa juu ya ubao ambao labda wengine wao waliwahi kuupanda kwenda kutega.

Nawe unayo mabaki yako: mlango wa zamani, boriti za banda lililobomolewa, kitanda kilichovunjika. Usiyachome leo. Ng'oa misumari kwanza, kisha gonga kila ubao na usikilize.