Kuipima Riwaya ya Polisi Aliyeokoka

Ukiwa Nakwa, hapa Babati, ukaletewa riwaya ya Kikristo yenye taharuki kuhusu polisi aliyevurugikiwa na maisha, usiipime kwa picha ya mbele wala kwa wingi wa mistari ya Biblia. Fungua pale askari anapofanya kazi.

Tazama saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 imeweka muda wa msingi wa saa nne za kumhoji mtuhumiwa tangu awekwe chini ya ulinzi. Mwandishi anayeijua kazi ya polisi ana taharuki tayari mkononi: muda unayoyoma, maelezo ya onyo hayajasainiwa, na afande bado ananuka pombe. Asiyeijua hufyatua bastola kila sura. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya mwaka 1965, alimpa Inspekta Wingo upelelezi wa kufanya, ndiyo maana tunamkumbuka.

Tazama na mahali. Doria ya usiku ikipita kando ya Ziwa Babati, viboko hutoka majini kula majani. Mwandishi aliyefika hapa hawezi kuwasahau.

Lakini pagumu kuliko pote ni toba. Hapo soma polepole. Kipimo changu ni yule askari wa gereza la Filipi, Matendo ya Mitume 16. Tetemeko linafungua milango, naye anachomoa upanga ajiue akidhani wafungwa wametoroka. Kumbe wote wamo. Usiku uleule anawaosha majeraha Paulo na Sila, ambao yeye mwenyewe aliwabana miguu kwenye mkatale. Toba yake unaiona mikononi: maji, damu, kisha chakula mezani kwake.

Sasa mrudie afande wako. Alikula rushwa, akaandika maelezo ya uongo, kijana akawekwa rumande. Sura ya ishirini analia madhabahuni, kwaya inaimba. Je, kesho yake anakwenda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kusema ukweli? Anakubali kuvuliwa cheo, hata kushtakiwa? Anathubutu kubisha hodi kwa mama wa yule kijana, na mama ana ruhusa ya kutomfungulia? Na nabii akioteshwa jina la muuaji kabla ushahidi haujapatikana, mwandishi amekwepa kazi ya upelelezi.

Riwaya inayomwokoa askari ikamsahau kijana rumande, mimi siinunui, na wewe nakusihi usiinunue.