Kukata rekodi ya king'amuzi bila kuibana upya

Rekodi inayobaki kwenye flashi baada ya king'amuzi kuzimwa haikutengenezwa na king'amuzi. Ni yaleyale yaliyorushwa na mnara, yamenakiliwa baiti kwa baiti bila kuguswa. Kazi nzito ya kubana picha na sauti ilishafanyika upande wa mrushaji. Kisanduku cha sebuleni huchuja tu na kuandika. Ndiyo maana king'amuzi cha bei ya chini hurekodi kwa ubora uleule wa cha bei ya juu, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema. Zama za VHS kila nakala ilififia kuliko kaseti mama, na saa mbili za mkanda zilidai saa mbili za kunakili. Rekodi ya dijitali haififii kwa kunakiliwa. Huharibika pale tu mtu anapotumia programu inayoibana upya yote, saa mbili nzima, kwa sababu ya kuondoa matangazo ya dakika tano.

Kilichomo ndani ya faili ni mkondo wa pakiti. Tanzania ilipoanza kuzima analojia, jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipokamilisha kazi hiyo mwaka 2015, ambao makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliuweka kuwa ukomo, nafasi ya masafa iliyokuwa ikibeba chaneli moja ilianza kubeba nyingi kwa pamoja. Data za chaneli hizo hukatwa katika pakiti za baiti 188 na kuchanganywa kama abiria wa vijiji mbalimbali ndani ya basi moja. Kila pakiti ina baiti 4 za anwani na 184 za mzigo, na ndani ya anwani mna namba ya utambulisho, kuanzia 0 hadi 8191, inayoeleza kama mzigo ni picha za chaneli fulani, sauti yake, au jedwali la vipindi. Kitufe cha kurekodi kikibonyezwa, king'amuzi huokota pakiti zenye namba za chaneli inayotakiwa na kuziacha nyingine zipite.

Faili hilo likifunguliwa kwa programu ya kuonyesha baiti ghafi, mwanzoni kabisa huonekana herufi G, kisha alama zisizosomeka, kisha G nyingine baada ya baiti 188, na nyingine, na nyingine, mpaka mwisho. Baiti hiyo, yenye thamani ya 71, ndiyo alama ya kuanzia pakiti. Kipimo cha 188 nacho hakikutoka hewani: ni 47 mara 4, kilipangwa kiingie sawasawa kwenye seli za ATM, ambayo hapa ni teknolojia ya mitandao ya mawasiliano ya miaka ya 1990, si mashine ya kutolea pesa. Baadhi ya mashine huweka maelezo yao mbele ya G ya kwanza, na nyingine huongeza baiti 4 za saa kabla ya kila pakiti, ikawa 192. Faili likikataliwa na programu moja na kupokewa na nyingine, mara nyingi hesabu hiyo ndiyo chanzo.

Makosa ya kwanza hutokea hata kabla ya kurekodi. King'amuzi huhesabu saa 24 kuanzia usiku wa manane, na mtu mwenye kuhesabu saa kwa Kiswahili akiingiza 02:00 kwa ajili ya taarifa ya habari ya saa 2 usiku, atakuta flashi imejaa marudio ya saa 8 usiku. Ratiba inayorushwa na stesheni pia si ya kuaminiwa kwa dakika. Kuanza dakika 10 mapema na kuchelewa kumaliza kwa dakika 20 ni tahadhari ya kawaida, kwa kuwa ziada hukatwa baadaye bila gharama yoyote.

Chukulia mechi ya saa 10 jioni iliyorekodiwa kuanzia 15:50 hadi 18:10 kwenye chaneli inayotumia megabiti 5 kwa sekunde. Hiyo ni megabaiti 37.5 kwa dakika, na kwa dakika 140 jumla ni gigabaiti 5.25. Flashi nyingi huuzwa zikiwa na mpangilio wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuvuka baiti 4,294,967,295. Kwa kasi hiyo ukomo hufikiwa baada ya dakika 114 hivi, yaani saa 11 na dakika 44 jioni, na mpira ukiwa umeanza kwa wakati hizo ndizo dakika za lala salama. King'amuzi hufunga faili la kwanza na kufungua la pili wakati mchezaji anaelekea golini. Vipo visanduku vinavyokata mapema zaidi, kila gigabaiti moja. Katika vingi vya bei nafuu vyenye chipu ya ALi, vipande huwekwa ndani ya folda iitwayo ALIDVRS2, vikiwa na majina ya namba, 000.ts, 001.ts, pamoja na faili dogo la maelezo ambalo kompyuta hailihitaji.

Kuhusu kasi ya flashi, mahitaji ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Megabiti 5 ni pungufu ya megabaiti moja kwa sekunde. Tatizo la flashi duni ni kusita: husimama nusu sekunde ikijipanga, kumbukumbu ndogo ya king'amuzi ikajaa, na pakiti zinazoendelea kuingia zikakosa pa kwenda. Katika picha huonekana kama vigae vinavyoruka, na lawama huangukia antena.

Chaneli za kulipia ni habari nyingine. Huko rekodi huandikwa ikiwa imefungwa kwa ufunguo uliomo ndani ya king'amuzi kilekile, na diski ikihamishiwa kwenye kompyuta haitoi kitu. Yanayofuata hapa yanahusu chaneli za bure.

Kwenye kompyuta kazi ya kwanza ni kuunga vipande, na hapa mpangilio wa kazi una uzito kuliko programu inayotumika. Ukomo wa FAT32 haugawanyiki kwa 188, kwa hiyo king'amuzi kinachoandika hadi ukingoni hukata katikati ya pakiti: nusu yake iko mwisho wa faili la kwanza, nusu nyingine mwanzo wa la pili. Anayebadilisha kila kipande peke yake kwanza, kisha akaunga, huitupa pakiti hiyo, na picha iliyobebwa nayo hupasuka pale pale kwenye goli. Anayeunga kwanza hapotezi kitu, maana mkondo wa pakiti hauna jalada wala faharasa. Kipande cha pili kikibandikwa nyuma ya cha kwanza, nusu mbili hukutana na pakiti ikawa nzima. Kwenye Windows amri ni copy /b 000.ts + 001.ts mechi.ts, na kwenye Linux au Mac ni cat. Hiyo /b si pambo. Bila yake Windows huchukulia mafaili yanayoungwa kuwa ni maandishi, na ikikutana na baiti yenye thamani ya 26 hudhani maandishi yameishia hapo. Katika picha baiti hiyo haikosi kupatikana mapema, na faili la gigabaiti tano hutoka likiwa na kilobaiti chache.

Baada ya kuunga hufuata ukaguzi. Kila mkondo ndani ya faili una kihesabio kinachokwenda 0 hadi 15 na kuanza tena. Kikiruka kutoka 6 hadi 9, pakiti zimepotea. ffmpeg, programu huria iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, hutoa onyo inapokuta mruko wa aina hiyo. Pakiti zilizopotea hazirudi, lakini kujua zilipo husaidia kutofautisha kasoro ya hewani na ile itakayoletwa na ukataji wenyewe.

Ukataji ndio unaohitaji kueleweka. Picha 25 za kila sekunde hazihifadhiwi zote kikamilifu. Moja huandikwa nzima, inajitosheleza. Mafundi huiita I. Zinazofuata huandika tu kilichobadilika: P hutegemea picha iliyotangulia, na B hutegemea ya nyuma na ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo ndani ya faili picha ya mbele hulazimika kuandikwa kabla ya B inayoitegemea. Katika mfumo wa zamani wa MPEG-2 picha nzima hurudi baada ya picha 12 au 15, yaani kila nusu sekunde hivi. Katika H.264, unaotumika sana kwenye matangazo ya antena ya DVB-T2, pengo huweza kufika sekunde moja, mbili, au zaidi.

Kutokana na mpangilio huo, mkato wa kutoka na mkato wa kuingia haina sharti sawa. Kipande kinaweza kuishia karibu popote, kwenye I au P yoyote, kwa kuwa kilichobaki hakitegemei kilichotupwa. Kuanza hakuna uhuru huo. Kipande kikianzia kwenye P, programu ya kuchezesha hupewa orodha ya mabadiliko ya picha ambayo haijawahi kuiona, na kioo hujaa rangi ya kijivu na vivuli vinavyotembea mpaka I inayofuata ifike. Fundi mzoefu huchagua kwanza mahali pa kuingilia, akikubali kubakiza nusu sekunde ya tangazo la sabuni, ndipo atafute kwa utulivu mahali pa kutokea. Wanaoanza hufanya kinyume: huweka alama kwenye picha wanayoipenda, programu ikaisogeza kimya kimya hadi I iliyo karibu, na neno la kwanza la mtangazaji likapotea.

Hata I yenyewe ina hila. Mara nyingi baada yake kuna B mbili au tatu ambazo kwa mpangilio wa kuonyeshwa hutangulia I hiyo na huitegemea picha ya kundi lililopita, yaani la I iliyotangulia. Kundi hilo likikatwa, B hizo hubaki yatima. Programu nzuri huzitupa, kama sehemu ya kumi ya sekunde ikaondoka bila mtu kugundua. Mbaya huziacha, zikaonyesha mosaiki fupi kwenye kila kiungo. Katika H.264 kuna I ya namna ya pekee, IDR, inayokataza picha zozote za baada yake kutazama nyuma, na hapo ndipo mahali salama kuliko pote pa kuingilia. LosslessCut, ambayo kwa ndani ni ffmpeg, na Avidemux zote hukata bila kubana, na zote huonyesha picha nzima zilipo. Zipo pia programu za kulipia zinazobana upya picha chache tu za kwenye kiungo na kunakili zilizobaki. Kwa MPEG-2 mbinu hiyo hufanya kazi vizuri sana. Kwa H.264 matokeo hutegemea jinsi programu inavyoiga mipangilio ya mrushaji, na isipoiga sawasawa runinga nyingine hukwama kwenye kiungo kwa sekunde nzima. Nusu sekunde ya tangazo la sabuni ni bei nafuu zaidi.

Sauti ina viungo vyake, visivyolingana na vya picha. Picha moja huchukua milisekunde 40. Fremu moja ya sauti ya MPEG, yenye sampuli 1,152 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchukua 24. Mipaka yao hukutana kila baada ya milisekunde 120, na kwingine kote mkato ulionyooka kwa picha hupita katikati ya fremu ya sauti. Programu inayoheshimu mihuri ya wakati iliyomo kwenye mkondo hurekebisha tofauti hiyo kwenye kila kiungo. Inayobandika vipande na kuhesabu upya huilimbikiza, na baada ya mikato kumi midomo na maneno vimeachana waziwazi. Mtazamaji huanza kuhisi sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hahisi mpaka ifike 125 hivi, pengine kwa kuwa katika maisha sauti haifiki kabla ya mwanga. Kwa kuwa tofauti hulimbikizana, kiungo cha mwisho ndicho cha kukaguliwa kwanza.

Mihuri hiyo huhesabu vipande 90,000 kwa sekunde katika namba ya biti 33, ambayo hujaa na kurudi sifuri baada ya saa 26 na nusu. Saa hiyo huendeshwa na mitambo ya mrushaji, haijui kipindi kimeanza lini, na inaweza kurudi sifuri katikati ya tamthilia yoyote. Rekodi inayodai kuwa na urefu wa saa 26 wakati kipindi kilikuwa cha saa moja kwa kawaida imepatwa na hilo, wala haijaharibika. Kuipitisha ffmpeg kwa kunakili tu mara nyingi huondoa tatizo.

Hatua ya mwisho ni kuhamisha mikondo kutoka kwenye pakiti hadi kasha lenye faharasa, kwa amri kama ffmpeg -i mechi.ts -c copy mechi.mkv. Neno copy hapo ndilo linalozuia kubana upya. MKV hupokea karibu kila kitu. MP4 hupendwa na simu, ila sauti ya zamani ya MPEG ndani ya MP4 simu nyingi huicheza kimya, na hapo ni busara kubana sauti peke yake kwenda muundo wa AAC na kuiacha picha. Uwiano wa kioo pia hukaguliwa hapa. Picha ya 720 kwa 576 si 16:9 wala 4:3 kwa hesabu ya nukta zake. Uwiano wake ni maandishi tu ndani ya mkondo, na yakipotea njiani wachezaji wote hutoka wembamba. Na ikiwa kubana upya hakuepukiki, tuseme kwa ajili ya kutuma kipande WhatsApp, picha ya 576 yenye mistari inayopishana igeuzwe kwanza kuwa picha nzima, la sivyo kila kinachokimbia huota meno ya kitana pembeni.

Katika mfano wa mechi, kuondoa dakika 40 za mwanzo, mapumziko na mwisho hubakiza dakika 100, gigabaiti 3.75. Anwani za pakiti zikivuliwa hubaki kama 3.67, na faili hilo sasa hurudi kwenye flashi ileile ya FAT32 likiwa kipande kimoja.