Kujua Pamba Kabla ya Kuipiga Picha

Mwaka 1949 Clifton Edom, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, alianzisha warsha ya upigaji picha za habari akisaidiana na mkewe Vi na Roy Stryker. Wapiga picha hukusanyika katika mji mmoja mdogo wa jimbo hilo, wakakaa juma moja wakifuatilia maisha ya watu wa kawaida.

Mtu angedhani mafunzo ya kamera huanza kwa kamera. La. Mwanafunzi hutembea mjini, huketi na wenyeji, huuliza, kisha hurudi kuitetea habari aliyoichagua mbele ya walimu. Mpaka wairidhie, hapigi hata picha moja. Tangu filamu iachie nafasi kamera za dijitali, amewekewa ukomo wa picha 400.

Hapo twauona mkono wa Stryker. Kuanzia 1935 aliongoza wapiga picha wa serikali walioonyesha taabu za wakulima wa Marekani wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Carl Mydans alipokuwa tayari kwenda kupiga picha za pamba, Stryker alimwuliza anajua nini juu ya pamba. Hakujua mengi. Safari ikaahirishwa, wakazungumza pamba mpaka usiku.

Hata hivyo tuna dukuduku. Warsha hukataza kabisa kumpanga mtu ili apigwe picha, na ndivyo ipasavyo. Lakini je, hilo latosha kuitwa ukweli? Stryker huyo huyo alikuwa akitoboa tundu katika filamu za picha alizozikataa. Nyingine zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington; zikisafishwa, doa jeusi hutokea, pengine juu ya uso wa mtu. Mtu huyo hakuulizwa. Anayechagua ana nguvu kuliko anayepiga, na mgeni wa juma moja huchagua upesi mno.

Kwa hiyo twaona kwamba jambo bora la warsha hii ni lile lisilosifiwa sana: mwishoni picha huonyeshwa katika mji ule ule. Kinyozi husimama mbele ya picha yake, majirani wanaomjua tangu utotoni wakiwa kando yake, na mpiga picha yupo. Hapo uhakiki huanza kweli. Mwalimu wa shule yenye kamera moja tu aweza kuanzia hapo: picha ya fundi viatu itundikwe kwanza karibu na kibanda chake, kabla ya kufika ukutani mwa darasa.