Kipanya Chini ya Ngozi

Kunja mkono, ukaze. Juu ya kiwiko kitu kinavimba, kinakimbia kidogo chini ya ngozi, kinatulia. Warumi walikiita “musculus”, yaani kipanya, kwa kuwa “mus” kwao ni panya. Waingereza wakalipokea neno kupitia Kifaransa wakasema “muscle”, nasi tukasema misuli. Kumbe kila kijana anayebeba vyuma mtaani kwetu amefuga panya na hana habari.

Ufundi wa kufukua mizizi ya maneno naupenda kwa ajili ya vitu kama hivyo. Lakini kinachonifanya niuheshimu ni kwamba fundi wake anajua kukataa. Kwa miaka kadhaa niliwasimulia wanafunzi kuwa “sincere”, neno la mtu asiye na hila, limetoka katika “sine cera”, bila nta: ati wachongaji walaghai waliziba nyufa za sanamu kwa nta, na waaminifu wakajisifu kuwa zao hazina. Hadithi tamu, wala haina ushahidi. “Sincerus” ni kitu safi, kisichochanganywa, basi. Niliona haya, kisha nikafurahi kuwa kazi hii ina mizani.

Mizani yenyewe ni sauti. Neno la Kilatini likianza na p, ndugu yake wa damu katika Kiingereza kwa kawaida huanza na f: “pater” na “father”, “piscis” na “fish”, “pedis” na “foot”. Sasa itazame “pedal”. P yake iko palepale. Huyo si ndugu, ni mgeni aliyebisha hodi baadaye, akaendelea na safari hadi kwenye baiskeli zetu, ambako tunamwita pedeli.

Ninalolirudia kila mara ni “rival”, mshindani. “Rivus” ni kijito, na “rivalis” ni yule mnayetumia naye maji ya kijito kimoja. Aliyekulia Uchagani au Upare, kwenye zamu za mfereji, hana haja ya kufafanuliwa: jirani wa juu akichelewa kufunga maji, mahindi yako ndiyo yanayokauka.

Ushahidi wa maneno nao hukusanywa kwa jasho. James Murray alipokabidhiwa mwaka 1879 kuhariri kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, alisimamisha banda la mabati bustanini kwake, akalijaza vikaratasi vya sentensi walizonakili wasomaji wa kujitolea. Alifariki mwaka 1915, na kamusi haikukamilika hadi 1928. Wanawe aliwalipa vijisenti wavipange vikaratasi kwa alfabeti. Nawaona wamekaa sakafuni, wakigombea rundo lililo jepesi.