Namna ya Kuijua Programu Inayokwepa Foleni Kweli

Ukitaka kujua kama programu ya kupangia siku ya bustani ya burudani inafaa, usianze na ramani zake wala ahadi yake ya kukuokolea saa nne. Iulize kwanza: huo muda wa kusubiri unaonionyesha umeutoa wapi? Ikishindwa kujibu hapo, mengine yote ni mapambo.

Nitaitumia Walt Disney World ya karibu na Orlando, Florida, kuwa kipimo, kwa sababu ndiko ufundi huu ulikokomaa. Ni bustani nne, kila moja na geti lake: Magic Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Tiketi ni ghali, na mzazi anayewapeleka watoto kutoka Houston au Minneapolis, achilia mbali anayetoka Nairobi, huenda asirudi tena kabla hawajawa watu wazima. Saa mbili zikimezwa na foleni moja, hakuna wa kukurudishia.

Turudi kwenye swali. Nje ya kila mchezo kuna ubao unaotangaza dakika za kusubiri, na dakika hizo hizo huonekana kwenye simu. Njia mojawapo ambayo Disney wameitumia kwa miaka mingi kuzipata ni hii: mfanyakazi anamkabidhi mgeni mmoja kadi nyekundu mlangoni mwa foleni, mgeni anaibeba hadi mbele, na anaikabidhi kwa mfanyakazi mwingine kabla ya kupanda. Muda uliopita kati ya mikono hiyo miwili ndio kipimo. Ni njia safi, lakini tazama inachokueleza: inakupa habari za mtu aliyeingia foleni zamani kidogo, wakati watu walikuwa wengi au wachache kuliko sasa. Juu ya hapo kuna uamuzi wa wenye bustani. Mgeni aliyeambiwa dakika 60 akapita kwa 45 huondoka ameridhika, na ubao wenye namba kubwa karibu na saa ya kufunga huwafanya watu waelekee getini. Waliolinganisha ubao na saa ya mkononi kwa miaka mingi wamekuta kwamba muda halisi aghalabu ni mfupi kuliko uliotangazwa.

Kwa hiyo programu inayonakili ubao na kukurudishia ubao haijafanya kazi yoyote ya kulipiwa. Queue-Times, kwa mfano, hukusanya muda unaotangazwa na bustani nyingi duniani na kuuhifadhi siku baada ya siku, na kwa kazi hiyo ni hazina, mradi ukumbuke kwamba unachosoma ni historia ya mbao. TouringPlans wamekwenda hatua moja mbele. Mwanzilishi wake, Len Testa, ni mtaalamu wa kompyuta na mwandishi mwenza wa Bob Sehlinger katika kitabu cha The Unofficial Guide to Walt Disney World, ambako ratiba za namna hii zilikuwa zikichapishwa kwenye karatasi kabla ya simu janja. Katika programu yao iitwayo Lines, mgeni hubonyeza kitufe akiingia foleni na kubonyeza tena akipanda. Hivyo wanazo namba mbili kwa kila mchezo, ya ubao na ya miguu ya watu, na wanatabiri zote mbili. Mimi nikiona programu imezitenganisha hizo mbili waziwazi, moyo wangu hutulia. Nikiona namba moja tu isiyosema ni ipi, naifunga.

Baada ya hapo angalia kama inakupangia au inakuorodheshea tu. Orodha ya michezo kumi bora si ratiba. Michezo kumi inaweza kufuatana kwa namna 3,628,800. Ongeza miwili tu, zinakuwa 479,001,600. Ugumu wenyewe hauko kwenye wingi huo peke yake. Foleni hubadilika kila robo saa, kwa hiyo kupita njia fupi kwa miguu kunaweza kukugharimu kuliko kuvuka bustani nzima asubuhi na kurudi. Kompyuta iliyofundishwa vizuri hupata mpangilio wa kuridhisha kwa sekunde chache, na kazi yake unaweza kuikagua kwa macho hata kama hujui hesabu. Tazama imekuweka wapi saa ya kwanza. Pale Magic Kingdom, magari ya Haunted Mansion yameunganishwa mnyororo mmoja usiosimama, kwa hiyo mchezo humeza umati mkubwa kila saa na foleni yake hupungua upesi. Peter Pan's Flight hubeba watu wawili watatu kwa kila kijimashua, na foleni yake hukaa ndefu tangu asubuhi hadi jioni. Programu inayokupeleka Haunted Mansion saa tatu asubuhi na Peter Pan saa nane mchana haielewi bustani, hata kama imepambwa namna gani.

Sehemu inayozishinda programu nyingi ni foleni ya kulipia. Mwaka 1999 Disney walianza FastPass, karatasi ya bure iliyokupa saa ya kurudi. Ikafuata FastPass+ iliyohamia kwenye simu, kisha mwaka 2021 Genie+ ya kulipia, na tarehe 24 Julai 2024 mpango huo ukageuzwa kuwa Lightning Lane Multi Pass, unaokuruhusu kuchagua michezo mitatu kabla ya safari: siku saba kabla kwa anayelala hoteli za Disney, siku tatu kwa wengine. Michezo inayogombewa zaidi huuzwa mmoja mmoja pembeni. Jina limebadilika mara nyingi, lakini hesabu iliyo chini yake ni ile ile, na inafaa uielewe mwenyewe. John Little aliithibitisha mwaka 1961: watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi ya kuingia ukizidisha na muda wa kusubiri. Tuseme mchezo unabeba watu 20 kwa dakika na mbele yako wako 400. Baada ya dakika 20 umepanda. Sasa tuseme nafasi 14 kati ya hizo 20 zimekwenda kwa waliolipia. Kwenu ninyi wa foleni ya kawaida zimebaki sita, na watu wale wale 400 wanawachukua zaidi ya saa moja. Foleni haijarefuka hata hatua moja.

Ndiyo sababu simwamini mtu anayekadiria muda kwa kuiangalia foleni, na ndiyo sababu ninaitaka programu ijibu swali moja ambalo nyingi hulikwepa: nikilipia leo, katika bustani hii, nitaokoa dakika ngapi? Jibu la kweli hutofautiana sana. Siku ya kawaida mwanzoni mwa Septemba, watoto wa Marekani wakiwa wamerudi shule, mwenye kuamka mapema anaweza asihitaji kulipa kabisa. Wiki ya kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ni habari nyingine. Programu nzuri hukuwezesha kuunda ratiba mbili za siku ile ile, ya kulipia na ya kutolipia, ukaziweka pamoja na kugawanya bei kwa dakika. Isiyokuwezesha kufanya hivyo, uliza inapata pesa zake wapi. Programu rasmi, My Disney Experience, ni vyema uwe nayo kwa tiketi na kwa kuagiza chakula, lakini mwenye bustani ndiye anayeuza foleni ya kulipia, na anataka wageni watawanyike mahali penye nafasi. Ushauri wake unaweza kukufaa. Ila haukuandikwa kwa ajili yako peke yako.

Upya wa taarifa ni rahisi kuupima. Pale Magic Kingdom, mchezo wa Splash Mountain ulifungwa, na mahali pake Tiana's Bayou Adventure ikafunguliwa Juni 2024. Meli ya Liberty Square ilifanya safari yake ya mwisho Julai 2025. Ukikuta mojawapo ya hizo za zamani kwenye ratiba yako, umeonyeshwa tarehe ambayo mtunzaji alilala. Kipimo kigumu zaidi ni nusu saa ya mapema. Wageni wa hoteli za Disney huingia dakika 30 kabla ya wengine kila siku, lakini Magic Kingdom hufungua sehemu za Fantasyland na Tomorrowland tu kwa wakati huo. Programu inayokuelekeza Frontierland katika dakika hizo itakusimamisha mbele ya kamba. Iangalie pia siku za sherehe za jioni za Halloween na Krismasi, ambapo wasio na tiketi ya sherehe hutolewa Magic Kingdom saa kumi na mbili jioni. Wengi huzikwepa siku hizo kwa kuona wanapunjwa saa, na matokeo yake mchana huwa na nafasi. Kalenda inayolijua hilo imetengenezwa na mtu anayeijua bustani kwa miguu yake.

Kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko dakika, na hapa Animal Kingdom inasaidia kulieleza. Ndani yake kuna Harambe, mji wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki, wenye kuta zilizotengenezwa zionekane zimebanduka lipu na vibao vya Kiswahili ambavyo mtoto aliyekulia Ohio atavisoma kwa fahari mbele ya wenzake. Kutoka hapo huondoka malori ya wazi ya Kilimanjaro Safaris, yanayopita katikati ya wanyama hai. Wanyama hao, kama wa Tarangire au Maasai Mara, huchangamka asubuhi na kutafuta kivuli jua likipanda. Katika bustani hiyo hiyo iko Flight of Passage, iliyofunguliwa Mei 2017, na umati huikimbilia geti likifunguka. Programu ya dakika tupu inaweza kukuwekea safari hiyo ya wanyama saa saba mchana, ukasubiri kidogo na kuwakuta simba wamelala. Fundi wa kweli ameupa kila mchezo saa yake ya uzuri pamoja na saa yake ya wepesi, na anakubali usubiri dakika kumi zaidi ili uone kitu. Sijakuta kipimo kinachonionyesha haraka kuliko hiki kama mtunzi anaipenda kazi yake.

Kwa wenye watoto, mambo mawili. Programu iulize urefu wao: Flight of Passage inataka sentimita 112, na ratiba iliyojengwa juu ya mchezo ambao mdogo wenu hawezi kupanda ni bure. Tena ijue utaratibu wa wazazi kupokezana, ambapo mmoja hubaki na mtoto kisha hupanda bila kupanga foleni upya. Muda wa kula, wa kwenda chooni na wa kulala mchana uwe ndani ya ratiba, na mwendo wenu uweze kurekebishwa. Bibi hatembei kama kijana wa miaka 16.

Halafu siku huharibika. Kiangazi cha Florida huleta ngurumo karibu kila alasiri, na radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Umati wote huhamia ndani kwa pamoja. Hapo ratiba ya asubuhi imekufa, na utaona kama uliyenaye ni mpangaji au karatasi. Bonyeza kitufe cha kupanga upya na utazame: imekuacha na michezo uliyobakiza, ikaipanga kwa hali ya sasa na mahali uliposimama, au imerudia orodha ile ile kwa saa mpya? Ratiba iliyojazwa dakika kwa dakika pia ni dalili mbaya. Aliyewahi kutembea na familia huacha nafasi.

Wasomaji wa Muscat na Dubai wasichukue kalenda ya Orlando kwenda nayo Ferrari World ya Abu Dhabi. Kalenda za Florida hujengwa juu ya likizo za shule za Marekani. Yas Island, kisiwa chenye Ferrari World, huendeshwa na Idi, joto na wikendi, na tangu Januari 2022 wikendi ya Imarati ni Jumamosi na Jumapili huku ya Oman ikibaki Ijumaa na Jumamosi. Familia ya Muscat inayoweza kwenda Ijumaa asubuhi inapaswa kuelezwa hivyo na programu yake.

Kabla ya kulipa ada, jaribu ukiwa nyumbani. Wakati wa kiangazi Florida iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa saba: bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, Dar es Salaam ni saa kumi alasiri, na unaweza kufuatilia sehemu kubwa ya mchana wao kabla hujalala. Chagua michezo mitano. Andika utabiri wa ubao kwa kila saa kama programu ilivyoutoa jana yake, kisha andika ubao wenyewe pembeni. Kosa la dakika tano kwenye foleni ya 40 si kitu. Tazama makosa yanaelekea upande gani. Yakiwa huku na huku, hufidiana, na jioni utajikuta karibu na saa uliyoahidiwa. Yakiwa ya upande mmoja, kila foleni ikitabiriwa fupi kuliko ilivyo, hujilimbikiza, na mchezo wa mwisho ambao watoto waliusubiri siku nzima ndio utakaokatwa. Rudia zoezi hilo Jumamosi moja na siku moja ya mvua, kisha ndipo utoe kadi ya benki.