Heko, Mabibi wa Mbare

Serikali ya Zimbabwe ilipobomoa makazi ya watu mijini mwaka 2005, wengi walibaki na kiwewe na usingizi wa mang'amung'amu, huku madaktari wa akili nchini wakihesabika kwa vidole. Mwaka 2006, Mbare, Harare, mmoja wao, Dk. Dixon Chibanda, aliwafunza mabibi 14, wahudumu wa afya ya jamii, kuwasaidia watu hao. Chumba hawakupata, waliketi na wagonjwa kwenye benchi, nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha huuliza tatizo lipi lianze. Moja tu, mpaka lipatiwe njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili za sonona zikipungua kwa waliohudumiwa hivyo. Tuliolelewa na bibi hatukushangaa! Ila tusidhani ni uzee tu: kusikiliza bila kuhukumu hufunzwa, na kazi hiyo yastahili posho ya maana.